Yai la kuku, mayai ya chura au nzi wa mabibo: nini kitakuonesha jeni zikijenga mwili?

Mabibo yakianza kudondoka, kwenye Oktoba hivi, walimu wenzangu wa baiolojia wa huku Mtwara na Lindi huanza kuulizana jambo lilelile. Mada ya urithi inakaribia, maabara ina hadubini moja yenye lenzi iliyoota ukungu, na wanafunzi wameshakariri kwamba jeni ni kipande cha DNA chenye maelekezo. Halafu mmoja anayekaa nyuma anauliza: "Mwalimu, kama seli ya jicho na seli ya ini zina jeni zilezile, mbona jicho halitoi nyongo?"

Jibu lake linaingia kwenye sentensi mbili. Seli zote za mwili zimetokana na zigoti moja, yaani yai lililorutubishwa, na zimerithi jeni zote, kwa binadamu kama 20,000 za kutengeneza protini. Kinachotofautisha jicho na ini ni jeni zipi zinasomwa na zipi zimefungwa. Kazi inaanza mwanafunzi anapotaka kuona, maana hapo lazima uchague kiumbe cha kumwonesha.

Huku kwetu viumbe vitatu vinapatikana bila kuagiza chochote Dar: yai la kuku wa kienyeji, mayai ya chura wakati wa mvua, na wale nzi wadogo wanaozunguka mabibo yaliyooza. Nimefundishia vyote vitatu. Kila kimoja kinaonesha kipande chake cha hadithi na kuficha kingine.

Nimevipima kwa nini

Cha kwanza ni kupatikana: unakipata lini, na wapi. Cha pili, mwanafunzi ataona nini kwa macho yake, kwa tochi, au kwa kioo cha kukuzia. Cha tatu ndicho ninachokipa uzito kuliko vyote: jeni zinajitokeza wapi? Ni rahisi kumwonesha mtoto kifaranga kinavyokua, wote wakapiga makofi, na neno jeni lisitajwe hata mara moja. Cha nne ni usumbufu, yaani umeme, harufu, magonjwa, na swali la kuua kiumbe kwa ajili ya somo. Mwisho nasema kinamfaa nani.

Neno moja kabla hatujaendelea, kwa sababu Kiswahili chetu kina mtego hapa. Tunasema "kiini" kwa ile sehemu ya njano ya yai, na tunasema "kiini" kwa ile sehemu ya seli inayotunza DNA. Usipotenganisha, nusu ya darasa itaondoka ikiamini kwamba jeni za kifaranga zimo kwenye njano. Mimi nasema "njano ya yai" na "kiini cha seli", basi.

Yai la kuku

*Kupatikana.* Mwaka mzima, kila kijiji, ila mayai ya trei ya dukani hayafai. Kuku wale wanataga bila jogoo, kwa hiyo hakuna kilichorutubishwa. Tafuta mayai ya kienyeji kwenye nyumba yenye jogoo anayefanya kazi yake, yasizidi wiki moja tangu yatagwe, na uyatunze mahali pa baridi kuliko pote ulipo. Joto letu la Desemba na Januari linatosha kuliamsha yai nusunusu: kiinitete kinaanza kukua, kinakosa joto kamili, kinakufa kabla hujaanza somo.

Kulea kuna njia mbili. Boksi lenye balbu, kipimajoto na bakuli la maji, nyuzi 37.5 hadi 38, mayai yakigeuzwa angalau mara tatu kwa siku. Au kuku anayelalia. Mwaka wa kwanza nilijivunia boksi langu. Siku ya sita umeme ukakatika saa tatu usiku, ukarudi alfajiri, na nilichokuja kufundisha asubuhi ile kilikuwa mada nyingine kabisa. Tangu hapo naazima kuku.

*Unachokiona.* Hapa kuku hana mpinzani. Yai linapotagwa tayari limegawanyika mara nyingi tumboni mwa mama. Ile duara nyeupe juu ya njano ni maelfu kwa maelfu ya seli. Baada ya kama saa 24 za joto, vipande vidogo vinaanza kujipanga wawiliwawili pande mbili za mgongo, kama shanga. Ndivyo vitakavyokuwa pingili za uti wa mgongo na misuli yake. Kati ya saa 33 na 36 moyo unaanza kupiga. Siku ya tatu ukilifungua yai taratibu kwenye sahani yenye maji ya chumvi ya uvuguvugu, mwanafunzi ataona kitone chekundu kinachopiga, na darasa zima litanyamaza. Siku ya nne na ya tano jicho linakuwa jeusi na kubwa kupita kiasi. Ukimulika kwa tochi chumbani penye giza, utaona mishipa imetanda kama mizizi, ingawa mayai yenye ganda la kahawia yanakunyima raha hiyo kidogo. Siku ya 21, kifaranga.

Na hili si jambo jipya. Aristotle, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, aliandika alichokiona ndani ya mayai ya kuku tangu siku ya tatu hadi kifaranga kinapotoka. Hakuhitaji balbu yeyote yule.

*Jeni zinajitokeza wapi.* Zimejificha nyuma ya unachokiona, ila ukijua pa kunyooshea kidole zinatoka. Zile shanga za mgongoni, kwa mfano, kwa kuku zinakatwa jozi moja kila baada ya dakika 90. Mwaka 1997 watafiti walionesha kwamba kwenye seli zinazosubiri kukatwa kuna jeni inayowaka na kuzimika kwa mzunguko wa dakika 90 hizohizo. Saa imo ndani ya seli.

Au chukua bawa. Siku ya tatu ni kichipukizi tu, hakina kidole. Mwaka 1968 John Saunders na Mary Gasseling waliripoti kwamba ukikata kinyama kidogo cha ukingo wa nyuma wa kichipukizi na kukipandikiza mbele, bawa linaota vidole mara mbili, upande mmoja ukiutazama mwingine kama kwenye kioo. Kile kinyama kilikuwa kinatangaza kitu. Mwaka 1993 maabara ya Cliff Tabin kule Harvard, na wenzao, walionesha ni nini: protini ya jeni moja ya ukoo uitwao "kalunguyeye" (kwa Kiingereza hedgehog, yule mnyama mdogo wa miiba). Seli iliyo karibu na chanzo inapata dozi kubwa na inakuwa kidole cha nyuma. Iliyo mbali inapata kidogo na inakuwa cha mbele. Jeni ni ileile, dozi ndiyo tofauti. Jina la kalunguyeye limetoka kwa nzi, tutafika.

Lakini mfano ninaoupenda ni wa uani. Kila mtu huku anamjua kishingo, kuku asiye na manyoya shingoni. Mwaka 2011 ilielezwa kwamba badiliko la DNA linafanya jeni moja, BMP12, isomwe kupita kiasi kwenye ngozi ya kiinitete, na protini yake inazuia manyoya kuota. Mbona basi mgongoni manyoya yapo? Kwa sababu ngozi ya shingo peke yake ina kemikali inayoifanya isikie amri hiyo kwa ukali zaidi. Hapo unalo somo zima la ubobezi wa seli, yaani seli kushika kazi yake maalumu: amri moja, ngozi mbili, matokeo mawili. Na kielelezo kinajitembelea uwanjani.

*Usumbufu.* Kufungua yai kunaua, liseme mapema. Mimi nachukua mayai 12, nafungua manne tu, yote ndani ya wiki ya kwanza, mengine yanaachwa yaanguliwe na vifaranga vinarudi kwa mwenye kuku. Mwanafunzi asiyetaka kuangalia asilazimishwe. Yai lililooza likipasuka darasani, siku hiyo hakuna kipindi kingine.

*Kinamfaa nani.* Mwalimu wa darasa kubwa lisilo na hadubini, na yeyote anayetaka wanafunzi waone viungo vikitokea.

Mayai ya chura

*Kupatikana.* Wakati wa mvua tu, na mvua zetu za kusini ni msimu mmoja, Novemba au Desemba hadi Aprili hivi. Uko bondeni, Kitere, kandokando ya Ruvuma, Rutamba kwa upande wa Lindi, hutahangaika: tafuta kamba ndefu za utelezi zenye vitone vyeusi kwenye maji yaliyotuama. Hao ni vyura wa ngozi kavu wa majumbani. Kuna na wale wanaotaga ndani ya povu jeupe kwenye tawi juu ya dimbwi. Ila kama uko juu Newala au Tandahimba, ambako hata maji ya kunywa ni shughuli, usimtegemee chura.

*Unachokiona.* Mgawanyiko wa mwanzo kabisa, ule ambao kuku anaumaliza tumboni kabla hajakupa yai. Ukipata mayai yaliyotagwa usiku huohuo na una lenzi, utaona yai likikatika mbili, nne, nane. Siku mbili tatu baadaye kuna vitu vinavyochezacheza. Wiki kadhaa mbele miguu inaota na mkia unapotea.

*Jeni zinajitokeza wapi.* Hapa chura anajibu swali ambalo kuku hawezi kulijibu, na ndilo lile la mwanafunzi wa nyuma, likiulizwa kwa njia nyingine: seli ikishabobea, jeni nyingine zinaenda wapi?

Fundi wa Kimakonde anayechonga kinyago kwenye gogo la mpingo hufika kwenye sura kwa kutoa. Mti uliotoka haurudi. Kwa muda mrefu baadhi ya wanasayansi walidhani seli nayo inabobea hivyohivyo, inatupa jeni isizozihitaji, inabaki na za jicho au za ini. Mwaka 1962 John Gurdon, Oxford, alichapisha kazi aliyoifanya kwa chura wa Kiafrika mwenye makucha. Alichukua kiini cha seli kutoka utumbo wa kiluwiluwi, seli iliyokwisha kubobea, akakiweka ndani ya yai ambalo kiini chake kimeuawa. Mengi yalikufa. Machache yakakua yakawa vyura. Kwa hiyo kiini cha seli ya utumbo kilikuwa bado kinazo jeni za jicho, za ngozi, za mguu. Zilikuwa zimefungwa tu, na vitu vilivyomo ndani ya yai vilizifungua. Mwaka 2006 Shinya Yamanaka, Japani, akarudisha seli za ngozi ya panya kwenye hali inayokaribia ya kiinitete kwa kuwasha jeni nne tu. Wawili hao walipewa Nobeli pamoja mwaka 2012.

Kuna jingine. Kwenye chura huyo wa makucha, migawanyiko 12 ya mwanzo, hadi seli kama 4,000, inaendeshwa karibu yote na mizigo ambayo mama aliipakia kwenye yai. Jeni za kiinitete chenyewe zinaamka kwa wingi baadaye. Wanafunzi hushangaa: baba hajasema neno bado.

Na mkia? Homoni moja ya tezi ya shingo inasambaa kwenye damu yote ya kiluwiluwi. Ikifika kwenye mguu, seli zinagawanyika. Ikifika kwenye mkia, seli zinajiua. Sijui mfano mwingine ambao mtoto anaweza kuutazama kwenye beseni, siku hadi siku, unaoonesha kwa uwazi kiasi hicho kwamba ujumbe mmoja unasomwa tofauti kutegemea seli imeshakuwa nani.

*Usumbufu.* Kichocho. Madimbwi na mabwawa ya pwani yetu si ya kuingiza watoto miguu mitupu kwa ajili ya somo la baiolojia. Tumia kopo lenye mpini mrefu, ubaki ukingoni, vaa buti. Nawa mikono baada ya kumshika chura, ngozi yake ina sumu. Beseni lifunikwe chandarua, la sivyo utakuwa unafuga viluwiluwi vya mbu bega kwa bega na vya chura. Maji ya bomba yenye dawa yaache wazi siku nzima kabla ya kuyatumia. Somo likiisha, vyura warudi walikotoka.

*Kinamfaa nani.* Shule za mabondeni, klabu ya wanafunzi wavumilivu, na mwalimu wa kidato cha tano na sita ambaye mada yake ni ubobezi wenyewe.

Nzi wa mabibo

*Kupatikana.* Septemba hadi Desemba weka ganda la ndizi na bibo lililochachuka ndani ya chupa, juu tia faneli ya karatasi, kesho yake unao. Pasipo mabibo, ndizi peke yake inatosha mwaka mzima. Wanafuata hamira, ndiyo maana ndoo ya uraka, pombe ya mabibo, haikosi wageni. (Mwanafunzi akijitolea kuleta uraka kama chambo, mshukuru, mkatalie.) Usiwachanganye na wale nzi wakubwa wanaotoboa maembe, ambao wakulima nao huwaita nzi wa matunda, hao ni ukoo mwingine. Na kwenye chupa yako watakuwemo wa aina kadhaa: mwenye mistari meupe kichwani na mgongoni si yule wa vitabuni, mwenye macho mekundu na mwili wa manjano-kahawia anakaribia.

*Unachokiona.* Kidogo, niwe mkweli. Yai lina nusu milimita. Kiinitete kinamaliza safari yake kwa kama siku moja na hutakiona bila hadubini nzuri. Utaona funza, pupa, na nzi kamili, yote kwa siku kama kumi kwenye nyuzi 25. Anayetaka kuona moyo ukipiga aende kwa kuku.

*Jeni zinajitokeza wapi.* Kila mahali. Kama kuku ni ukumbi, nzi ndiye jenereta lililo nyuma ya ukumbi. Mwaka 1980 Christiane Nüsslein-Volhard na Eric Wieschaus, wakiwa Heidelberg, Ujerumani, walichapisha matokeo ya kuharibu jeni za nzi ovyoovyo na kutazama kila funza aliyeharibika ameharibika vipi. Mmoja alikuwa mfupi na amejaa miiba mwili mzima, wakaiita jeni yake kalunguyeye. Miaka 13 baadaye ndugu wa jeni hiyo ndiye aliyekutwa akipanga vidole vya bawa la kuku, na binadamu tunao ndugu zake pia. Nobeli yao, pamoja na Edward Lewis, ilikuja 1995.

Jeni nyingine, *bicoid*: mama nzi anaweka ujumbe wake ncha moja ya yai. Protini inakuwa nyingi upande huo na inafifia kuelekea upande wa pili, na penye nyingi ndipo panapojengwa kichwa. Mama asiye na jeni hiyo nzima anazaa kiinitete kisicho na kichwa.

Kisha zipo jeni za Hox, zinazoambia kila pingili ya mwili "wewe ni ya wapi". Moja ikisomwa mahali pasipo pake, nzi anaota miguu palipotakiwa pawe na vipapasio vya kichwani. Huwezi kuwapata nzi hao Mtwara, lakini kuna ushahidi ambao unao tayari: nzi ana mabawa mawili, na nyuma yake vinundu viwili vidogo vyenye kikonyo. Vinundu hivyo ni jozi ya pili ya mabawa ambayo jeni moja ya Hox imeizuia isiwe mabawa. Lewis alipounganisha mabadiliko yanayoizima mahali hapo, alipata nzi wa mabawa manne. Vinundu unaviona kwa kioo cha kukuzia, hata kwa mbu mkubwa mwenye miguu mirefu anayegonga ukuta karibu na taa.

Watoto wa Lindi nawaongezea hili. Jeni za familia hiyohiyo ndizo zinazoamua shingo iishie pingili ya ngapi. Binadamu ana saba, twiga saba, kuku 14. Yule mjusi mkubwa wa kale (dinosaria) wa Tendaguru, ambaye Wajerumani walimchimba kati ya 1909 na 1913 na sasa amesimama Berlin, ana 13. Kuku wa uani anamzidi moja.

*Usumbufu.* Mdogo sana kwa fedha, mkubwa kwa maarifa. Bila mwalimu anayejua kusimulia, chupa ya nzi ni chupa ya nzi. Joto likizidi 30 uzazi unashuka, chupa isikae dirishani. Na wakitoroka, mpishi wa shule atajua ni nani wa kumlaumu.

*Kinamfaa nani.* Mwalimu mwenye hadubini moja inayofanya kazi na kikundi kidogo, au mwanafunzi anayejisomea nyumbani.

Mbona sijamweka mnyama wa miiba wa baharini?

Wa Mikindani na Msimbati huniuliza. Ni kweli, mayai yake ni maangavu na Theodor Boveri aliyatumia, miaka zaidi ya mia iliyopita, kuonesha kwamba kiinitete kinahitaji seti kamili ya kromosomu. Lakini kumtagisha kunahitaji kumchoma sindano ya kemikali, sehemu ya fukwe hizo ni hifadhi ya bahari, na miiba ile haina huruma. Mtazame maji yakitoka, mwache hapohapo.

Kulingana na hali yako

Una darasa la wanafunzi 80, hakuna umeme wa kuaminika, wiki tatu mkononi: kuku anayelalia, mayai 12, na kishingo mmoja wa kuazima kwa kipindi cha mwisho.

Uko bondeni, ni Januari, na wanafunzi wako tayari wanajua DNA ni nini: chura. Anza na kamba za mayai, maliza na mkia, Gurdon akae katikati.

Uko Newala au Masasi mjini, ni Oktoba, una kioo cha kukuzia na ubao: nzi. Chora yai la *bicoid* kwa chaki, upande wa kichwa ukolee, kisha gawa mbu na nzi waliokufa watafute vinundu.

Una kipindi kimoja tu cha dakika 40? Usifuge chochote. Nenda na kishingo na kuku wa kawaida, waulize kwa nini huyu ana manyoya mgongoni na hana shingoni, na uwaache wabishane.

Una muhula mzima: nzi Oktoba, halafu kuku. Ukianza na nzi, siku ya kufungua yai la siku ya tatu mwambie kila mmoja atafute kichipukizi cha bawa na aoneshe kwa ncha ya penseli ukingo ambako kalunguyeye anatangazia. Anayekosea kati ya mbele na nyuma ndiye anayerudisha kuku kwa mwenyewe.